Kobe Nambari Saba na Utafiti Wake

Alikuwepo Kobe mdadisi, aliyepakwa nambari saba mgongoni na watu wa idara ya wanyamapori. Kila kiangazi walikuja kumpima.

Asubuhi moja Ngedere, mwoga kupindukia, aliliona gari lao. "Babu, ingia shimoni! Wanakuchunguza tangu mama yangu hajazaliwa. Hujachoka?"

"Nichoke vipi, na utafiti wangu haujaisha?"

"Wako wewe?"

"Wangu. Mkuu wao wa kwanza alikuja na bunduki, akitaka vichwa vyetu ukutani. Wa pili akaja na vizimba, akidhani tutapona tukifungiwa. Wa tatu, mizani na daftari. Wote nimewachunguza mpaka wakastaafu."

Gari likasimama. Ngedere akaparamia mti. Akashuka mkuu mpya, mwanamke mwenye buti za vumbi. Akapiga magoti, akaitazama ile nambari iliyofifia, na kabla hajamgusa Kobe akasema, "Shikamoo, babu."

Kobe, aliyezoea kuficha kichwa, akakitoa chote.

Walipoondoka, Ngedere akauliza, "Basi utafiti umeisha?"

"Ndiyo kwanza unaanza," akajibu Kobe. "Nataka kujua huyu amefundishwa na nani."