Sufuria Iliyonyamaza

Afande Opio, askari jela kwa miaka kumi na miwili, mtu aliyewahi kutuliza ugomvi wa wafungwa arobaini kwa kukohoa tu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gunia la makaa na karai kichwani. Mbele yake, juu ya sigiri, ilikaa sufuria ya presha yenye maharage. Sufuria hiyo ilikuwa imenyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Aliinunua mwenyewe Bugembe mwezi uliopita, wiki ya harusi yake, na muuzaji alimweleza kila kitu kinagaubaga. Mfuniko ukishajifunga, maji yakichemka, mvuke hauna pa kwenda. Unajazana humo ndani, unasukuma, joto linapanda kupita lile la sufuria ya kawaida, na maharage ya saa tatu yanaiva kwa dakika arobaini. Ukizidi, unakiinua kile kichuma cha juu na kutoroka kwa filimbi.

"Ikilia, Afande, wewe kaa raha," muuzaji alisema. "Inyamaze na moto nawaka, hapo kimbia."

Basi moto ulikuwa unawaka. Makaa yalikuwa mekundu mpaka chini. Opio aliyapepea mwenyewe kwa bidii zote za bwana harusi mpya. Na ganda la haragwe, au shetani gani sijui, lilikuwa limeziba kitundu.

Kuiepua? Mikono ilikataa katakata. Kuufungua mfuniko? Ungemfikia usoni kabla hajausalimu. Kulibaki kukimbia, na jiko la nyumba yao ya Nalufenya lilikuwa na dirisha la nondo na mlango mmoja tu, unaotokea sebuleni.

Na sebuleni alikuwepo mama mkwe.

Alimsikia kwa masikio yake mawili. Namono, mkewe, alikuwa akicheka naye, Mama hivi, Mama vile, halafu akasema, "Mama, ngoja kidogo, mimi nakimbia duka kuleta nyanya." Mlango wa mbele ukabamizwa, vishindo vya viatu vikapotelea barabarani. Opio aliuvuta mlango wa jiko kwa mguu ukafungika. Wiki nzima walikuwa wakimsubiri mama huyo kutoka Malukhu, Mbale, ila hakuna aliyesema atafika leo.

Kwa watu wa Namono, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Opio, mtu wa kutoka kaskazini, aliapa mbele ya wajomba wote wa mkewe kwamba hatawaaibisha, na mjomba mmoja akacheka, akasema watu wa mbali hawawezi, hata mwezi hawamalizi. Kicheko kile kilimuuma sana. Alimpenda Namono mno, hakutaka kukosea jambo dogo kama hilo.

Sufuria ilitikisika.

"Mama!" aliita, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima. "Mama, toka nje!"

"Nani huyo? Mkwe?" Sauti ilikuwa kubwa, yenye mikwaruzo.

"Mimi, Mama. Toka nje upesi!"

"Mimi toka kwenda wapi na mvua namna hii?"

Opio alichungulia dirishani. Jua lilikuwa linachoma. Shati lake la kazi lilikuwa limekauka kwenye kamba mpaka limekakamaa. Akaona mama mkwe anamtania, na hata katika hofu ile alifurahi kidogo kutaniwa.

"Mama, hii sufuria nataka kupasuka!"

"Sema na nguvu, baba. Mimi hapana sikia vizuri."

Kumbe ana masikio mazito pia! "Bomu, Mama! Bomu ya maharage!"

"Aa, maharage napika? Chumvi tia mwisho."

Mfuniko ulianza kutetemeka. Opio aliona maiti mbili, yake na ya mama mkwe, na ile ya pili ndiyo iliyomtisha, kwa sababu Namono angebaki hai kumuuliza. Hapana. Avunje mwiko, wajomba wamcheke mpaka wachoke, lakini hatamrudishia mkewe mama aliyetapakaa maharage. Alilishusha karai mpaka kidevuni, akafumba macho kwa usalama zaidi, akaupiga mlango teke.

"Nisamehe, Mama! Mimi hapana ona wewe! Naapa, hapana ona!"

Aligonga meza. Akagonga stuli. Akajikwaa kwenye zulia, akapapasa mpaka akaufikia mkono wa kochi, akageuza shingo upande na kunyoosha kiganja.

"Shika mkono, Mama! Tukimbie!"

Nyuma yake, jikoni, sufuria ilikohoa mara moja, ikatema ganda la haragwe kwenye dari, ikaanza kupiga filimbi kwa furaha. Opio alibaki amesimama, mkono hewani. Hakuna aliyeushika. Alihesabu mpaka kumi. Pole pole akalipandisha karai, akafumbua jicho moja.

Kochi lilikuwa tupu. Juu ya mto ilikuwepo simu ya Namono, imechomekwa kwenye chaji, spika imefunguliwa.

"Mkwe," simu ilisema, "zima kwanza hiyo redio. Ambia Namono mimi napanda basi kesho asubuhi."