Mbao Kwenye Sufuria ya Jemu

"Unachemsha mbao kwenye sufuria ya jemu? Umerukwa na akili?" Graeme alifoka.

"Sufuria ni yangu. Na mbao ni ya mashua atakayopanda mwanangu."

"Mwanetu. Muuzaji kaniambia gundi ya plaiwudi hii haiogopi maji."

"Muuzaji hapandi yeye."

Hapa mjini Nelson, kila anayeunda mashua gerejini kwake huchemsha kipande cha plaiwudi kwanza, aone kama matabaka yake yataachana, ndipo akate. Graeme, mume wangu, alikata bila kuchemsha, akaunganisha, na binti yetu akaandika jina lake mwenyewe ubavuni mwa mashua kwa rangi nyekundu. Jumamosi angeingia nayo ghubani peke yake kwa mara ya kwanza. Leo ndipo nilipookota kipande kilichobaki, nikakichemsha.

"Tutaipaka rangi mara tatu," alisema Graeme, sauti imeshuka. "Maji yatapitia wapi?"

Nilikitoa kwa koleo, nikakiweka kwenye kibao cha kukatia mkate. Sikuhitaji kisu. Nilisukuma kwa ukucha, na tabaka la juu likabanduka kama ganda la kitunguu, likitoa mvuke. La pili likafuata. Gundi ilinibaki kidoleni, laini kama uji.

Graeme aliigusa, akaisugua kati ya vidole viwili.

"Atalia," alisema.

"Alie akiwa nchi kavu."

Nilizima jiko, nikachukua msumeno, nikaenda gerejini. Nilianza kuikata mashua penye jina. Mbao ilitikisika kila nilipovuta, mpaka Graeme alipokuja akaishika upande wa pili.