Jina Alilotakiwa Kulitaja

Aleida Brummel alisimama kabla mchungaji hajamaliza kutoa shukrani.

"Nina neno," alisema.

Kanisa zima liligeuka. Siku hiyo mji wa Oudervliet ulikuwa unamuenzi Harmen Wesselink kwa kutimiza miaka hamsini akiwa mzee wa kanisa. Keki zilishakatwa kule nyuma, kahawa inanukia mpaka mimbarini. Harmen alikaa kwenye benchi la wazee, amemshika mkono mkewe, Trijntje.

Wakongwe walimtambua Aleida mara moja. Mwaka 1958, Aleida akiwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano, Harmen alimsimamisha palepale, mbele ya watu wote, aungame.

"Mtaje mwanamume," alimwamuru Jumapili tatu mfululizo. Aleida hakumtaja. Ya tatu, Harmen akatangaza kwamba ametengwa na kanisa. Wiki hiyohiyo babake akamtupia nguo zake nje.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tano. Mwanawe, Joost, alimsubiri mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Dada Aleida," Harmen alisema kwa ule upole wa mbele za watu, "hayo yalishapita. Njoo tunywe kahawa."

"Uliniuliza swali, Harmen. Mara tatu. Nimekuja kukujibu."

"Aleida, tafadhali..."

"Ni wewe."

Bibi mmoja aliyekuwa akimumunya peremende aliacha.

"Mwongo huyu!" Harmen alifoka, uso mwekundu. "Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesemaje, nawe ndiye uliyekuwa hakimu?"

Mwanamke aliyelibeba jambo kimya miaka thelathini na sita, nani angemshuku? Trijntje aliuchomoa mkono wake, akachukua mkoba, akatokea mlango wa pembeni. Harmen alimwita kwa jina, mara ya pili kwa kilio. Hakugeuka. Mchungaji aliinamisha kichwa. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu akipita mbali na lile benchi.

Ndani ya gari, Joost alishika usukani bila kuwasha injini.

"Kumbe ndiye baba yangu! Na mimi nilimpa mkono pale mlangoni alipoingia!"

Aleida alifunga mkanda.

"Yule?" alisema. "Hajawahi kunigusa hata kidole. Washa gari, twende."