Mlango wa Zizi

Lori la wezi wa mifugo liliingia uani asubuhi, mfugaji akiwa amechuchumaa anakamua. Mkuu wa genge akashuka akitabasamu.

"Habari za asubuhi, mzee. Tumekuletea wageni. Watalala zizini kwako mpaka kesho."

Mara mbili mfugaji alikuwa amewafungulia zizi kwa hofu, wakaficha humo ng'ombe wa wizi, na mara zote mbili hakugusa chakula siku nzima. Safari hii aliinuka, akachungulia kati ya mbao za lori, akamwona ng'ombe mwekundu mwenye sikio lililochanika. Alikuwa wa shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake. Mfugaji mwenyewe ndiye aliyemvuta ng'ombe huyo siku alipozaliwa, kwa mikono hiyohiyo iliyokuwa sasa ikidondosha maziwa vumbini.

"Hapa hawashuki," alisema.

"Umesemaje?"

"Umenisikia."

Hakupaza sauti. Neno lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mama yake akatoka jikoni na kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa zizi, akakikalia.

"Mwanangu, maliza kukamua," alisema. "Ng'ombe akiudhika atabana maziwa. Hawa nitaongea nao mimi."

"Bibi, ondoka hapo," mkuu wa genge alisema.

"Miguu inauma, mjukuu wangu. Nikishakaa, kuinuka ni kazi."

Mkuu wa genge akageuka kumtafuta mke wa mfugaji, aje amwondoe bibi. Mwanamke huyo alikuwa ameshafika uzioni, anawaita majirani kwa majina, bila haraka, mmoja baada ya mwingine. Kule ng'ambo ya uzio, milango ilianza kufunguka.