Kura ya Marehemu Olipa

Siku hizo marehemu nao walipiga kura, na kila nyumba iliyofiwa ilipewa kisanduku chenye sauti ya mtu wao. Cha Olipa kilikaa sebuleni, kwenye kiti chake. Asubuhi ya uchaguzi wa baraza la jimbo, mumewe, Mzee Haule, alikipangusa vumbi kwa kanga, akakisihi.

"Mama Festo, safari hii tumkatae Mheshimiwa. Miaka arobaini yumo barazani, na zahanati uliyofia haina hata dripu."

"Nawe Baba Festo kwa kulalamika! Tumpe tena, ameahidi gari la wagonjwa."

"Aliahidi ungali hai, mke wangu!"

"Basi limekaribia," Olipa akacheka, kicheko chake hasa.

Dawa ilikuwa moja tu: kumzima kabla ya saa nne, visanduku vinapopiga kura, ili yake isihesabiwe. Lakini aliyezimwa hawashwi tena. Wakubwa walilijua hilo. Haule akaweka kidole kwenye kitufe.

"Umekunywa uji lakini?" Olipa akauliza.

Kidole kikalegea. Saa nne ikapita, na kura ikaenda kwa Mheshimiwa.

Haule akatoka kwenda kituoni kumpigia Mheshimiwa kura ya kumkataa, peke yake. Njia nzima, kila mlango aliopita, alisikia mjane au mgane akicheka na kisanduku.