Uso wa Mwalimu

"Kila mtu na mwenzake," mwalimu alisema. "Fumba macho, mpapase mwenzako uso, kisha uufinyange kwa udongo."

Wazee wakavuta viti wawili wawili katika chumba cha mafunzo cha jumba la sanaa la mji wa Ruse. Mmoja wao, Zdravka, akabaki peke yake. Tangu amzike mumewe, hakuna aliyemgusa ila daktari.

"Bibi, wewe jipapase mwenyewe," mwalimu alimwambia.

"Huu uso wangu nauosha kila siku, mwanangu. Keti hapa."

Mwalimu, binti kijana, akacheka, akaketi. Zdravka akafumba macho. Mkono mmoja ulifinyanga udongo, na mwingine ukapita kwenye paji la uso wa binti, ukashuka puani, ukatua shavuni. Shavu lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Kila mara mkono ulirudi palepale.

Wenzao wakamaliza, wakanawa, wakavaa makoti yao.

"Muda umekwisha, bibi," mwalimu alisema, akiinuka.

"Bado masikio," Zdravka alijibu, macho hajayafumbua.

Mwalimu akautazama uso wa udongo. Masikio yote mawili yalikuwapo, yamekaa sawasawa.

Akaketi tena, akazisukuma nywele zake nyuma.