Udongo wa Mama Shomvi

Sheria ya mtaa ilikuwa moja: nyasi zako zikikauka, unahama. Pendaeli, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemchongea mama yake Mama Shomvi hadi bibi wa watu akafukuzwa.

Kwa hiyo siku ya kupima udongo, Mama Shomvi alimwaga sampuli ya Pendaeli, akajaza udongo mkavu, usio na rutuba, wa kona ya bustani yake mwenyewe. Mtambo wa mtaa wa kumwaga mbolea hufuata kipimo, hauulizi. Uliimwagia bustani ya Pendaeli mbolea ya kutosha shamba zima, nyasi zikaungua.

“Kiko wapi sasa!” Mama Shomvi alicheka.

Jioni Pendaeli alibisha hodi, mpole kupita kiasi.

“Mama Shomvi, wapimaji wamesoma vinasaba kwenye sampuli yangu, wanauliza. Kitovu cha mwanao Shomvi kimefikaje kwenye udongo wangu?”

Ile kona. Mama yake, yule aliyefukuzwa, ndiye aliyekizika pale mjukuu alipozaliwa.